Figo ya Kupandikizwa na Dawa za Jenereki: Maswali Tunayoulizwa Kliniki

Dawa ya jenereki ni dawa feki?

Hapana. Ina kiambato kile kile na kipimo kile kile, ila imetengenezwa na kiwanda kingine baada ya hataza (haki ya kuitengeneza peke yake) ya kiwanda cha kwanza kwisha, ndiyo maana bei yake ni nafuu.

Nilipandikizwa figo India, na dawa niliyorudi nayo siipati tena. Duka la dawa lina takrolimasi ya kiwanda kingine. Nianze kuitumia?

Piga simu kliniki kwanza. Takrolimasi ni dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo uliyopandikizwa. Ikipungua kidogo katika damu, mwili huweza kuikataa figo. Ikizidi, figo hiyo hiyo huumia, mikono hutetemeka na sukari hupanda. Dawa za viwanda viwili zinaweza kuwa nzuri zote, lakini mwili wako ukazinyonya kwa kiasi kinachotofautiana. Kwa hiyo kila badiliko, liwe la kwenda kwenye dawa nafuu, la kurudi kwenye ile ya ghali, au la kutoka jenereki moja kwenda nyingine, hufuatwa na kipimo cha damu. Daktari akibadilisha dawa, akapima na kurekebisha dozi, hatuna ugomvi. Tunachokataa ni kubadilisha kimyakimya.

Nimeshabadilisha, mwezi wa pili sasa, na sijisikii vibaya.

Mwili unaweza kuanza kuikataa figo huku mkojo ukitoka kama kawaida na wewe ukienda kazini. Mara nyingi kinachotangulia kuonyesha ni kupanda kwa kreatinini, taka inayochujwa na figo, kwenye damu. Njoo upimwe. Usingoje tarehe yako ya kliniki, usingoje miguu ivimbe, usingoje mkojo upungue.

Kapsuli zote zimeandikwa miligramu 1. Tofauti iko wapi?

Ipo takrolimasi ya kumeza kila baada ya saa 12, na ipo inayoachia dawa polepole, ya mara moja kwa siku. Usiweke moja mahali pa nyingine bila agizo la daktari. Tunachokiona ni mgonjwa kututolea mezani vipande vya pakiti vilivyokatwa kwa mkasi, boksi lenye jina limebaki dukani, naye anataka tumwambie ameze kipi. Tafadhali, nunua boksi zima, au walau lipige picha.

Siku ya kupima dawa kwenye damu nifanyeje?

Njoo na dozi ya asubuhi mkononi, usiimeze kabla ya kutolewa damu, kwa sababu tunapima kiasi kilichobaki kabla ya dozi inayofuata; kwa anayemeza mara mbili kwa siku, ni baada ya saa 12 kupita tangu dozi ya jioni. Ukishameza alfajiri, hela ya kipimo umeitupa.

Hela imeisha. Nipunguze dozi mpaka mshahara utoke?

Hata siku moja, na wala usiruke dozi. Hapo ndipo jenereki inapokufaa: tueleze, daktari akuhamishie kwenye dawa unayoimudu, kisha upimwe. Tueleze dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili. Zikibaki za siku mbili tutahangaika wote.