Pampu inanguruma, maji hayatoki: anza na mpira

Wiki iliyopita mzee mmoja anayelima mboga bonde la Ruvu aliniletea pampu ya petroli ya inchi mbili hapa Bagamoyo. Injini inawaka mara moja, inanguruma vizuri, ila maji hakuna. Fundi wa kwanza alishamfungulia kabureta na kumbadilishia plagi, hela ikaenda.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, mpira wa kufyonzea uko wapi?"

"Nimeuacha shamba, fundi. Mpira una nini?"

Mpira ndio ulikuwa na kila kitu. Alipouleta tuliuziba upande mmoja, tukauzamisha kwenye pipa na kuujaza upepo. Viputo vikatoka karibu na klampu, kwenye ufa ambao macho yasingeuona. Nikakata kipande kile, nikafunga klampu mpya.

Naomba hili lieleweke, maana linawatia wakulima hasara kila kiangazi. Pampu haiyavuti maji kama kamba inavyovuta ndoo. Impela, lile gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya pampu, inayatupa maji nje, katikati yake presha inashuka, na hewa iliyoukalia mto ndiyo inayoyasukuma maji kupanda mpirani. Ufa mdogo ukiingiza upepo, presha haishuki tena, na maji hayana sababu ya kupanda. Futi valvu, ile valvu ya ncha ya mpira iliyoko majini, isipofunga nayo inayaachia maji uliyoijazia pampu kabla ya kuwasha yarudi mtoni.

Nguvu ya hewa hiyo ina mpaka. Usawa wa bahari inaweza kuinua maji kama mita 10 tu, hata ufunge injini ya lori. Kwa kazi ya kweli, ukizidi mita 7 tayari unajitesa. Mto ukishuka kiangazi na pampu ikabaki juu ya kingo palepale, watu husema imezeeka. Iteremshe karibu na maji. Upande wa kutolea ndio uurefushe.

Ukisikia mlio kama inatafuna changarawe, safisha chujio kwanza, kisha angalia kama mpira si mwembamba mno. Njia ikibana, presha inashuka mno, maji yanachemka ndani bila moto, na viputo vikipasuka vinaila impela. Na usiiwashe kavu kabisa: sili, ile inayozuia maji yasivuje kwenye shafti, inapozwa na maji yaleyale inayoyazuia.

Kwenye gari likichemsha, haraka ni ileile: watu wanakimbilia gasketi ya silinda hedi. Mimi naanza na kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa. Kifuniko kizima hushikilia presha, na ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kisha nauliza maji yametoka wapi. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi inakula rejeta na pampu ya maji kimyakimya. Weka kulanti, ile maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Thermostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata joto, usiing'oe, hata fundi akikushauri.

Ila ukichomoa kijiti cha oili ukaikuta imekuwa kama chai ya maziwa, hapo maji yameshaingia kwenye oili. Usiliwashe tena hata kulifikisha gereji. Livutwe.