Sindano ya siku ya tatu: upungufu wa damu kwa watoto wa nguruwe wa banda la zege

Nguruwe anayezaa akiwa huru kwenye udongo ni nadra watoto wake kupungukiwa damu. Wanafukua na kulamba udongo tangu siku za mwanzo, na humo hupata madini ya chuma. Ugonjwa huu tumeuleta sisi wafugaji tulipomhamishia mama kwenye sakafu ya zege.

Mtoto huzaliwa na akiba ya takriban miligramu 50 za chuma. Kila siku anahitaji kama 7, kwa sababu anakua haraka na damu yake lazima iongezeke pamoja na mwili. Maziwa ya mama humpa kama 1 tu. Ukipiga hesabu, akiba inaisha siku ya nane au tisa hivi. Kumwongezea mama madini kwenye chakula hakusaidii. Chuma hakipenyi vya kutosha kuingia kwenye maziwa yake.

Dalili huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya tatu. Kwa nguruwe weupe, tazama sikio likiwa kwenye mwanga: lenye afya ni la waridi na mishipa inaonekana, la mgonjwa ni jeupe kama karatasi. Kwa weusi, fungua kope au tazama fizi. Nywele husimama, ngozi hukunjamana, na kuhara hakukomi hata ukitoa antibiotiki. Ukimkimbiza kidogo anahema kwa nguvu, mbavu zikipanda na kushuka. Anayekufa ghafla mara nyingi ndiye mnene kuliko wenzake, kwani kukua kwake kumemaliza akiba mapema. Hapo wengi hudhani ni sumu.

Kinga ni sindano moja ya miligramu 200 za chuma siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Makosa mengi hutokea kwenye kipimo. Chupa yenye miligramu 100 kwa mililita inahitaji mililita 2. Yenye 200 kwa mililita inahitaji mililita 1 tu. Soma kibandiko kila unaponunua, hata kama chupa inafanana na ya mara iliyopita.

Choma kwenye msuli wa shingo, nyuma ya sikio. Paja liache: dawa hutia doa nyamani na sindano inaweza kujeruhi neva. Tumia sindano fupi, ya kama sentimita 1.5. Kabla ya kuchoma, vuta ngozi pembeni kwa kidole gumba, ingiza dawa polepole, subiri kidogo, chomoa, kisha iachie ngozi irudi izibe tundu. Ukiona kahawia inatiririka shingoni, dawa imevuja na kipimo hakikutimia. Badili sindano kwa kila uzao, na ya kuvutia dawa kwenye chupa iwe ya peke yake, la sivyo utaingiza vijidudu vya majipu chupani.

Mtoto dhaifu ambaye hajanyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, asichomwe kwanza. Watoto kadhaa wakifa saa chache baada ya sindano, acha kuchoma na mwite daktari wa mifugo: huenda mama alikosa vitamini E na seleni, na katika hali hiyo chuma hugeuka sumu.

Wapo wanaotupia udongo mwekundu bandani. Unasaidia kiasi, ila huwezi kujua kila mtoto amekula kiasi gani. Tena udongo uliokanyagwa na nguruwe wengine unaweza kuleta minyoo, na hata homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba. Ukiutumia, uchimbe chini, mahali nguruwe hawajapita, na usiuhesabu kuwa mbadala wa sindano.

Aliyekwisha kuugua achomwe chuma kwa kipimo hichohicho, lakini asihasiwe wala kukimbizwa mpaka rangi irudi. Kuanzia siku ya kumi hivi, wawekee watoto wote chakula cha vinyonyaji kidogokidogo, kikiwa kikavu na kikibadilishwa kila siku, kwa kuwa miligramu 200 huwatosha hadi wiki ya tatu au ya nne tu.