Ujumuishi katika sayansi: maana yake, na kwa nini kuwepo tu hakutoshi

Usawa, uanuwai na ujumuishi ni maneno yanayotembea pamoja siku hizi katika sera za vyuo vikuu, taasisi za utafiti na wafadhili, mpaka mtu anaweza kudhani yanasema jambo moja. Hayasemi jambo moja. Uanuwai unahusu nani wamo: wanawake na wanaume, wenyeji na wageni, vijana na wazee, wenye ulemavu na wasio nao, waliosoma shule za mjini na waliosoma za kata. Usawa unahusu wanavyotendewa: mshahara, vifaa, ulinzi, muda wa kufanya kazi na njia ya kupanda cheo. Ujumuishi unahusu kauli. Mtu amejumuishwa pale anaposhiriki kuamua swali gani lichunguzwe, neno lake linapoweza kubadili mpango wa kazi, na jina lake linapobaki kwenye matokeo.

Hili la mwisho nalipa uzito kwa sababu kwetu ndilo linalosahaulika zaidi. Ukihesabu vichwa tu, utafiti uliofanyika Afrika haujawahi kukosa Waafrika. Ndio walioonyesha njia, wakatafsiri, wakachukua vipimo, wakachimba, wakalinda kambi usiku. Kilichokosekana ni nafasi ya kusema, na jina.

Chukua Yambuku, mwaka 1976. Kijiji hicho kiko kaskazini mwa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, na katika hospitali ya misheni watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliyetumwa kuchunguza alikuwa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyekuwa amerejea kutoka Ubelgiji na shahada yake ya uzamivu. Alichota damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, na alipochomoa sindano damu ikaendelea kutoka bila kukatika. Akajua hii si homa ya matumbo wala malaria. Akamshawishi mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa ameshaugua waondoke pamoja kwenda Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikasafirishwa mpaka maabara ya Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto au baridi. Huko alikuwepo mtafiti kijana wa miaka 27, Mbelgiji Peter Piot. Mwaka 1977 jarida la tiba la Lancet likachapisha makala za maabara za Antwerp, Porton Down ya Uingereza na Atlanta ya Marekani kuhusu kirusi kipya, Ebola. Jina la Muyembe halimo. Kwa miaka mingi baadaye magazeti yalimtaja Piot kuwa mgunduzi, na Mkongo aliyechota damu akawa hatajwi.

Hapo maneno yetu matatu yanaachana waziwazi. Uanuwai ulikuwepo, kwa kuwa Mwafrika alikuwa kazini, tena mstari wa mbele. Usawa haukuwepo, kwa kuwa Kinshasa haikuwa na maabara ya kukitambua kirusi kama kile. Ujumuishi nao ulikosekana, na huu haukuhitaji mashine ya fedha nyingi. Kupeleka sampuli nje kulikuwa lazima. Kuliacha jina hakukuwa lazima.

Jina kwenye makala si pambo. Katika sayansi ndilo sarafu: kwa jina unaomba ruzuku, unapanda cheo, unaalikwa kwenye jopo linalogawa ruzuku za wengine. Kamoya Kimeu wa Kenya alikuwa na jicho la visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, ambalo wataalamu wote wa fani yake walilikiri. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto, na kipande hicho kikawapeleka kwenye mifupa ya kijana wa Homo erectus, jamii ya binadamu wa kale, wa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, karibu mwili mzima. Makala ya kuitangaza mifupa hiyo katika jarida la Nature mwaka 1985 ina waandishi wanne: Brown, Harris, Leakey na Walker. Kimeu si mmoja wao. Heshima alipewa, na kubwa: nishani ya National Geographic, hata jamii za nyani wa kale kupewa jina lake. Lakini nishani hupewa mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya, ilhali uandishi humfungulia mlango wa kazi inayofuata.

Wahariri wa majarida ya tiba duniani wameweka masharti manne ya kuitwa mwandishi. Uwe umechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti, kukusanya takwimu au kuzichambua. Uwe umeandika au kuhakiki rasimu. Uwe umeidhinisha toleo la mwisho. Na ukubali kuwajibika kwa kazi yote. Masharti ni mazuri. Tatizo ni kwamba mkuu wa mradi anaweza kuyageuza kuwa uzio: aliyekusanya takwimu miezi minane kijijini haonyeshwi rasimu, halafu anaambiwa hana sifa ya kuwa mwandishi kwa sababu hakuhakiki rasimu. Wahariri wenyewe wameliona hilo. Wanasema wazi kwamba masharti hayo yasitumike kumwengua mtu, na kwamba kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Msaidizi yeyote wa utafiti anapaswa kukijua kifungu hicho, na ajadiliane kuhusu uandishi kabla kazi haijaanza, kwa maandishi. Baada ya makala kutumwa, mara nyingi maji yameshamwagika.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya mgeni na mwenyeji peke yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba Sekondari, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi ndani ya friji ilikuwa inakwisha, akaamua kuingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake aliyeingiza yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, swali lake likawa kichekesho cha darasa. Waliomcheka ni wanafunzi wenzake. Aliyemsikiliza ni Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefika shuleni kutoa mhadhara. Mpemba akauliza mbele ya watu, wenzake wakacheka, na Osborne akaahidi kwenda kujaribu. Akajaribu kweli. Makala yao ilitoka mwaka 1969, Mpemba akiwa mwandishi wa kwanza, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu kinachoitwa athari ya Mpemba, hata kuhusu kama ipo au haipo. Ukitaka kuona ujumuishi kwa ukaribu, uone hapo: mwenye cheo kulipokea swali la asiye na cheo na kulipima kwa kipimo kilekile ambacho angelipimia swali la profesa.

Jambo hilohilo linawagusa wanawake, ambao UNESCO inawakadiria kuwa takriban theluthi moja ya watafiti duniani. Wengine huishia njiani baada ya shahada, na si kwa kukosa akili. Safari za uwandani hupangwa kana kwamba hakuna mtafiti anayenyonyesha. Vikao huwekwa jioni. Mwanamke pekee kwenye jopo ndiye huombwa kuandika kumbukumbu, na anayeandika kumbukumbu hana muda wa kubisha hoja. Kumwajiri mwanamke huyo ni uanuwai. Kubadili ratiba, na kuzungusha kazi ya ukatibu kwa wote, ndiko kunakompa nafasi ya kuwa mwanasayansi.

Wapo wanaosema sayansi haina rangi wala jinsia, kinachoangaliwa ni ushahidi. Ushahidi ni kweli hauna rangi. Lakini lazima kwanza mtu aruhusiwe kuutafuta. Mwaka 1995 Ebola ilipozuka Kikwit, mji wa Kongo, Muyembe na wenzake waliwawekea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Saba wakapona. Wataalamu wa kimataifa walitilia shaka, na hoja yao ilikuwa na msingi: hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ila wazo lenyewe halikustahili kuwekwa kando. Kutoka kwenye damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, iliyochotwa miaka 11 baadaye, watafiti, wakiwemo wa Marekani na Kongo, walipata kingamwili iliyozaa dawa ya Ebola iitwayo mAb114.

Dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2018, katikati ya mlipuko na vita, kwa wagonjwa 681. Jaribio liliitwa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha. Kundi la kulinganisha safari hii lilikuwepo. Muyembe alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na makala ilipotoka Desemba 2019 jina la kwanza lilikuwa la Mkongo, Sabue Mulangu. Dawa mbili zilishinda, mAb114 ikiwa mojawapo, na Desemba 2020 ikaidhinishwa Marekani.

Mwaka huohuo wa 2019, akiwa mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba huko Kinshasa, Muyembe alitangaza uamuzi kuhusu damu ya wagonjwa wa mlipuko ule: sampuli zibaki Kongo. Mtafiti wa nje anayezihitaji anakaribishwa kuja kufanya kazi palepale zilipo.