Testa Imewaka, Taa Haiwaki: Dhana Potofu Kuhusu Taa Mpya ya Nje

"Fundi, umeme upo, nimepima na testa." Maneno haya nimeyasikia mno, na mara nyingi anayeyasema ameshanunua taa ya pili akiamini ile ya kwanza ilitoka dukani ikiwa mbovu.

Testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani, ikiwaka imekuambia jambo moja tu: waya huo una laivu, yaani umeme unaoingia. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, haiijui kabisa. Tena kile kitaa cha ndani yake kinawashwa na umeme kidogo sana unaopita mwilini mwako, kwa hiyo hata waya uliokatika, ukilala bomba moja na waya wenye umeme, unaweza kukiwasha hafifu. Tafadhali tumia multimita, kipimo kinachoonyesha volti. Pima laivu na nyutro palepale kwenye konekta ya taa, swichi ikiwa imewashwa. Ukipata volti 230 hivi, hapo sasa taa ilaumiwe. Ukikosa, pima laivu na athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Zikisoma hapo, nyutro imekatika au haikufika.

Na mara nyingi haikufika! Nimefungua kisanduku cha swichi ambako mtu alichukulia umeme wa taa ya nje: nyaya mbili, zote nyekundu, moja inaleta laivu, nyingine inaipeleka taa ya sebuleni. Nyutro haimo, maana swichi hukata laivu peke yake. Taa mpya ikaungwa kwenye hizo mbili. Swichi ikizimwa inamulikamulika kidogo, ikiwashwa inakufa kabisa. Mwenye nyumba ananionyesha testa inavyowaka kwenye nyaya zote mbili, na hiyo hasa ndiyo dalili kwamba nyutro hakuna. Vuta nyutro kutoka kwenye saketi hiyohiyo. Usikope athi, nakusihi: breka ya kuzuia uvujaji wa umeme itakata, na isipokuwepo, bodi la chuma la taa linaweza kushika umeme likamsubiri mtu aliguse.

"Sensa ni mbovu." Hicho ni kifaa cha kuwasha taa giza likiingia. Umeijaribu saa ngapi? Mchana inaona mwanga, haiwashi. Izibe kwa tepu nyeusi, subiri dakika mbili. Ikikataa, angalia rangi: kwenye sensa nyingi umeme unaingia kwa waya wa kahawia, na mwekundu ndio unaotoka kwenda kwenye taa. Waliozoea kwamba nyekundu ni laivu huzigeuza.

"Breka inakata kila mvua ikinyesha, tuweke kubwa zaidi." Hapana, hapana. Maji yameingia, na breka inakulinda. Zima meinswichi, fungua taa, kausha, kisha ingiza waya kwa chini ukiuacha uning'inie kidogo, maji yadondokee hapo kabla ya kufika tundu. Wengine hunijibu kwamba boksi liliandikwa IP65, alama ya kuzuia vumbi na maji. Hiyo ni ya taa, tena raba zake zikikaa sawa. Maungio uliyozungushia tepu ukutani hayamo humo.