Kelele za mashine ya kupumulia: je, zinamdhuru mtoto njiti?

Mwanangu yuko kwenye CPAP, mashine ya kumsaidia kupumua. Mbona inavuma usiku na mchana?

Mvumo mwingi ni wa hewa yenyewe. CPAP husukuma hewa bila kukoma kupitia vimipira viwili vya puani, ili mapafu ya mtoto yasisinyae kila anapotoa pumzi. Hewa inayopita kwa kasi kwenye tundu jembamba lazima ivume, na ikiongezwa, mvumo nao huongezeka. Ukisikia kitu kinakoroma ndani ya mpira, huenda ni maji yaliyojikusanya. Mwambie muuguzi ayamwage.

Kwenye CPAP ya mapovu, ambayo hewa yake hutokea kwenye chupa ya maji, ile sauti kama ya maji yanayochemka ni habari njema. Mapovu yakikoma ghafla, mwite muuguzi papo hapo.

Anasikia kweli, mdogo hivi?

Anasikia. Masikio huanza kufanya kazi karibu na wiki ya 25 ya mimba. Mwaka 1997 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kilitahadharisha kuhusu kelele inayozidi desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye wodi za watoto wachanga mahututi, na mashine za kupumulia huvuka hapo mara nyingi. Zikiongezeka desibeli 10 tu, nguvu ya sauti imekuwa mara 10. Mtoto akishtuka, mapigo ya moyo hubadilika, oksijeni yaweza kushuka, na usingizi hukatika. Usingizi huo ndio ubongo wake unaoutegemea ukue.

Basi niombe aondolewe mashine?

Hapana, tafadhali. Pumzi kwanza. Wala usiguse vitufe vyake. Daktari ndiye hupunguza hewa kadiri mapafu yanavyopata nguvu.

Mimi nifanye nini?

Anza na mikono. Ukigonga kifuniko cha inkubeta, kile kisanduku cha joto anamolala, hata kwa kidole kimoja, kwako ni kidogo, ila kwa aliye ndani ni kama ngoma. Kwa hiyo usiweke chupa wala simu juu yake, na vidirisha vifunge taratibu huku umevishika. Zungumza kwa sauti ya chini. Alamu ikilia, mwite muuguzi aishughulikie. Na ukiruhusiwa, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, hata akiwa na CPAP.

Nitajuaje kama masikio yake ni mazima?

Kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani, ulizia kipimo cha usikivu kinachopima mpaka mshipa wa fahamu. Kama alipewa jentamaisini, litaje, kwa sababu dawa hiyo nayo inaweza kudhuru masikio.