Consecratio: Sarafu za Makaisari Waliofanywa Miungu

Ukikuta sarafu ya Kirumi imeandikwa CONSECRATIO, jua hilo ni tangazo la msiba. Neno hilo la Kilatini lina maana ya kuweka wakfu. Mwenye sura iliyo upande wa pili ameshafariki, na Baraza la Seneti limeamua ahesabiwe miongoni mwa miungu. Jina lake hutanguliwa na DIVVS (Warumi walichonga U kama V), au DIVA akiwa mwanamke. Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, aliitwa deus, yaani mungu. Divus likabaki jina la binadamu aliyepandishwa cheo baada ya kufa.

Kaisari Antoninus Pius alifariki mwaka 161. Nyuma ya baadhi ya sarafu zake za msiba yupo tai, ndege wa Jupiter, aliyesemekana kuibeba roho kwenda mbinguni. Nyingine zina jengo la kuni lenye ghorofa kadhaa, lile la kuchomea maiti. Wanawake walipewa tausi, ndege wa Juno, mke wa Jupiter. Mke wa Antoninus, Faustina, aliyemtangulia kufa kwa miaka ishirini hivi, alitolewa sarafu nyingi mno, hata leo kuipata moja si kazi ngumu.

Heshima hiyo haikuwa ya kila mtu. Makaisari Tiberius, Nero na Domitian waliikosa. Vespasian, alipokuwa akikata roho mwaka 79, inasimuliwa alitania kwamba anahisi anageuka mungu.

Lakini marehemu hatumii pesa. Aliyefaidika ni mrithi, maana baba akiwa mungu, mtoto naye si mtu wa kawaida. Wasomaji wa Injili wanaikumbuka dinari aliyoletewa Yesu kabla hajasema ya Kaisari apewe Kaisari. Wengi huamini ilikuwa ya Tiberius, na dinari hizo humtaja kuwa mwana wa Augustus, kaisari aliyemtangulia, aliyeitwa divus. Kwa Myahudi aliyeamini Mungu mmoja, maneno hayo yalikuwa mfukoni mwake kila alipobeba dinari hiyo.

Cha kushangaza, Ukristo haukuifuta desturi hii papo hapo. Kaisari Constantine alikufa mwaka 337 akiwa amebatizwa, na wanawe, Wakristo pia, wakamtolea sarafu zenye DV, kifupi cha divus. Kichwa chake kimefunikwa shela. Nyuma anapaa kwa gari la farasi wanne, na mkono unashuka kutoka juu kumpokea. Tai hayupo.