Filta ya chuma haiongezi oili kwenye injini

Naomba tuliache hili neno: "Tia filta ya chuma, injini itapata oili zaidi." Linasemwa Darajani, linasemwa Mwanakwerekwe, linasemwa Chake Chake, na watu wanatoa pesa nzuri kwa ajili yake. Filta hiyo ya oili ya pikipiki, ya wavu wa chuma, inaoshwa na kurudishwa badala ya kutupwa kama ya karatasi; ina sababu za maana za kununuliwa, nami nitazitaja, lakini hiyo haimo.

Pampu ya oili ya pikipiki nyingi za fostroki ni rota mbili, moja inazunguka ndani ya nyengine. Kila mzunguko unachota kiasi kilekile. Kwa hiyo oili inayofika kwenye beringi na kamshafti inaamuliwa na kasi ya injini. Filta ikiwa nzito kidogo kupitika, presha ya upande wa kuingilia hupanda kidogo na oili ileile inapita. Tofauti inakuja pale tu vali ndogo ya dharura inapofunguka, ama kwa kuwa filta imeziba, ama kwa kuwa oili imekuwa nzito kwa baridi. Ikifunguka, oili inapita pembeni bila ya kuchujwa. Anayewasha pikipiki penye theluji ana haki ya kulifikiria hilo. Sisi wa Zanzibar, hata alfajiri ya kipupwe, hatufiki huko na oili za 10W-40 wala 20W-50.

Tena si kila chombo kina mahali pa kuitia filta ya chuma. Vespa za zamani za tustroki oili yake inachanganywa na petroli na inaungua nayo. Hakuna cha kuchuja. Skuta za Kichina zenye injini ya GY6 zina wavu tu. Honda CG125 na nakala zake zina wavu, na juu ya hapo zina kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki (mhimili mkuu wa injini), ndani ya kava la kulia. Anayeuliza filta ya chuma ya CG basi tayari anayo filta ya kuosha, na pengine haijaoshwa tangu pikipiki ishushwe bandarini.

Kikombe hicho hakina karatasi wala matundu. Oili inaingia, mzunguko wa krenki unaurusha uchafu mzito ukutani, na oili iliyo safi zaidi inatokea katikati. Uchafu unajikusanya ukawa mgumu kama udongo wa kufinyangia. Kikijaa, kinachokuja baadaye hakina pa kukaa, kinaendelea na safari kwenda kwenye beringi ya krenki. Kukisafisha ni kazi ya asubuhi moja: mwaga oili, toa kava la kulia, fungua skrubu tatu za kifuniko cha kikombe, kwangua kwa kijiti cha mti (bisibisi inachuna alumini), pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye petroli kidogo, rudisha kwa gasketi mpya. Gasketi mpya, sio silikoni. Silikoni ikibanwa hutoka kwa ndani pia, inakatika vipande, na vipande hivyo vinaishia kwenye wavu na kuinyima pampu oili. Wavu wenyewe, kwenye injini nyingi za aina hii, umo ndani ya kile kifuniko kikubwa cha chini pamoja na springi. Ushike unapofungua, na usikaze kifuniko kwa nguvu zote, uzi wa alumini unang'oka.

Sasa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Hapa ndipo subira inaponiishia. Boksi la filta ya chuma mara nyingi limeandikwa maikroni 35, la karatasi pengine 20 au 30, na muuzaji anazilinganisha namba hizo kana kwamba zimepimwa kwa rula moja. Namba ya maikroni bila ya asilimia haina maana yoyote. Kipimo cha kweli kinafanywa hivi: oili yenye vumbi inapitishwa kwenye filta, chembe za ukubwa fulani zinahesabiwa kabla na baada. Zikiingia mbili ikatoka moja, filta imeshika asilimia 50 ya ukubwa huo. Zikiingia 20 ikatoka moja, imeshika asilimia 95. Zikiingia 75 ikatoka moja, ni karibu asilimia 98.7. Filta mbili zote zinaweza kuandikwa "maikroni 20", moja inaachia nusu na nyengine inaachia kidogo sana. Kiwango cha kimataifa cha kupimia filta za oili, ISO 4548-12, kipo kwa ajili hiyo, na boksi lisilotaja asilimia limekutajia nusu ya habari.

Wavu wa filta ya chuma una matundu ya ukubwa mmoja. Chembe ya duara iliyozidi tundu haipiti; kijisindano chembamba kinaweza kupita kwa ncha; chochote kilicho kidogo kuliko tundu kinapita leo, kesho na mtondo, mpaka siku utakapomwaga oili. Karatasi ni nyuzi zilizolala ovyo, moja juu ya nyengine. Inanasa kubwa, na inanasa pia sehemu ya ndogo. Na oili ya pikipiki ni kama lita moja tu inayozungushwa tena na tena, kwa hiyo hata filta inayoshika nusu kwa mpito mmoja, mpito wa pili inashika nusu ya zilizobaki, wa tatu vivyo hivyo. Chembe hizo ndogo, chini ya maikroni 35, ndizo zinazoingia kwenye nafasi nyembamba ya beringi na ukuta wa silinda na kusaga. Unywele wa binadamu una kama maikroni 70, basi tunazungumzia vitu ambavyo jicho halivioni.

Je, injini ndogo inayobadilishwa oili mapema itaihisi tofauti hiyo? Vitabu vinajibu kwa uhakika kuliko mimi. Mimi naamini oili mpya kwa wakati inafuta sehemu kubwa ya pengo. Naamini pia kwamba kwa anayepita barabara za vumbi la mawe na michanga ya pwani, filta ya hewa iliyochanika itamaliza ringi za pistoni zamani kabla ya filta ya oili kusema neno.

Kosa kubwa zaidi, na hili naliomba kwa dhati lisifanywe tena: kuosha filta ya karatasi kwa petroli na kuirudisha. Uchafu umo ndani ya nyuzi, hautoki. Gundi ya vifuniko inalegea. Upepo wa kompresa unaichana mikunjo. Na angalia jambo moja: kwenye pikipiki nyingi oili inaingia kwa nje ya filta na kutokea kwenye tundu la kati. Ukiitumbukiza yote kwenye beseni, petroli chafu inaingia kwenye tundu la kati, upande uliokuwa safi. Ukiwasha, takataka zile hazina tena cha kuzizuia, zinakwenda moja kwa moja kwenye beringi.

Filta ya chuma ina hatari hiyohiyo. Ziba tundu la kati kwa kizibo kwanza. Loweka kwenye mafuta ya taa, sugua mikunjo kwa brashi laini ya nailoni kwa nje, kisha toa kizibo na suuza kwa mafuta ya taa masafi ukimimina kutoka ndani kwenda nje. Halafu maji na sabuni ya vyombo, kisha ikauke kabisa, kwa sababu maji yakibaki kwenye mikunjo yanaigeuza oili rangi ya maziwa. Kompresa itumie kwa mbali, kwa presha ndogo, kutoka ndani. Mwisho inyanyue kuelekea juani na uizungushe polepole: mwanga uwe sawa pote. Penye nukta inayong'aa kuliko nyengine pametoboka, na filta hiyo imekwisha. Tazama pia ukingo uliogundishwa na raba za pande zote mbili.

Kwa hiyo ningechagua hivi. Kama una Pulsar 150 au chombo chengine ambacho karatasi yake nzuri inapatikana mjini, tia karatasi na uibadilishe kama kitabu kinavyosema. Kama filta yako inasubiri boti kutoka Dar au kuagizwa nje, na wewe uko Konde au Makunduchi na unaosha mwenyewe kwa utaratibu huo, nunua ya chuma bila wasiwasi. Gawa bei yake kwa bei ya karatasi, utajua ni mabadiliko mangapi kabla hujaanza kufaidi. Kama filta inaoshewa gereji ambako kila kitu kinapita beseni moja, rudi kwenye karatasi.

Faida ya chuma ninayoipenda ni kwamba inakuonesha habari za injini. Pitisha sumaku: kinachonata ni chuma, labda gia au beringi. Kinachong'aa bila kunata ni alumini, na chembe za njano ni za bushi. Karatasi nayo inasema, lakini lazima uikate kwa wembe na kuikunjua.

Wakati wa kufunga, urefu na raba lazima vilingane na ya asili. Milimita chache zikipungua, oili inapita pembeni mwa raba na umechuja hewa. Kwenye Honda kama CRF250L springi inatangulia, kisha filta, na maandishi OUT SIDE yatazame nje. Ukiigeuza, oili inaweza kukatika na injini ikafa. Bolti za kava za milimita 6 zinataka kukazwa kwa kama Nm (nyutonimita) 10 hadi 12. Washa dakika chache, zima, subiri, simamisha wima, pima oili na uangalie mvujo.

Na wanaosema chuma ni rafiki wa mazingira wahesabu pia mafuta ya taa machafu. Maji ya visima vyetu yanatoka ardhini, chini ya mawe ya chokaa yanayopitisha kila kitu. Mafuta hayo yatie kwenye dumu lenye kifuniko pamoja na oili iliyotumika, na usimwage hata kikombe nyuma ya banda.